Kufuli la https linalinda nini hasa?

Uko mkahawani, simu imeshika Wi-Fi ya bure, unaingia kwenye akaunti yako. Je, jamaa wa meza ya pili anaweza kusoma nenosiri lako? Kama anwani ya tovuti inaanza na https, hapana. Kabla hujatuma chochote, simu yako na tovuti hukubaliana funguo za siri kwa utaratibu unaoitwa TLS. Kuanzia hapo unachoandika hugeuzwa herufi zisizosomeka, na anayechungulia njiani anaambulia hizo tu. Ataweza kujua umetembelea tovuti gani, basi.

Lakini kufuli halisemi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Tapeli naye hupata cheti cha https, tena bure, kwa dakika chache tu. Halafu anakutumia linki inayofanana na yetu, herufi moja tu tofauti. Nenosiri lako litasafiri salama kabisa, hadi mikononi mwake! Kwa sababu watu walilielewa vibaya, Google iliondoa kufuli hilo kwenye Chrome mwaka 2023.

Kwa hivyo soma jina lote la tovuti kwanza. Na PIN yako hatuiombi kwa linki wala kwa kukupigia simu, hata siku moja.