Pwani, Mafuta ya Kitani na Mchoraji Aliyekata Tamaa

Mchoraji aliyeharibu picha mbili tatu mfululizo mpaka akaikimbia turubai huambiwa ajipe moyo. Ushauri huo una nia njema, ila nguvu yake ni ndogo. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alichapisha nadharia yake kuhusu imani ya mtu katika uwezo wake, akataja vyanzo vyake vinne: mambo aliyoyatimiza mwenyewe, kuwaona wengine wakiweza, maneno ya kutiwa moyo, na hali ya mwili na hisia. Cha kwanza alikipa uzito kuliko vyote. Maneno hufifia upesi kazi ikimshinda mtu. Basi tuache kumbembeleza mchoraji, tumtafutie kazi ambayo mikono yake itampa ushahidi. Ninayoitetea hapa ni picha ya majaribio ya pwani, kwa rangi zile zile za mafuta zilizomtisha.

Rangi hizo zina kemia inayomfaa mwenye woga. Akriliki hukauka maji yakipotea hewani, na ikipakwa nyembamba huwa kavu ndani ya dakika chache. Mafuta ya kitani yanayoshika rangi za mafuta yana njia nyingine: huvuta oksijeni, molekuli zake zikashikana kuwa wavu mgumu, hata tabaka la rangi huongezeka uzito kwanza badala ya kupungua. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Rangi za udongo wa kahawia wenye manganisi hutangulia kukauka, nyeusi ya mifupa hukawia. Kwa hiyo kosa la asubuhi bado linasahihishika jioni. Ukingo wa wimbi uliokaa vibaya hukwanguliwa kwa kisu, na weupe unaosalia kwenye nyuzi za turubai wakati mwingine hufanana na povu kuliko ule uliokusudiwa.

Bahari nayo haitulii, wala hakuna atakayesema wimbi lako lilikuwa na mkunjo mwingine. John Constable alipoanza kwenda Brighton mwaka 1824 kwa ajili ya afya ya mkewe, alichora pwani kwa mafuta juu ya vipande vidogo vya karatasi, bila kulenga maonyesho. Mvua ikishuka juu ya bahari, aliivuta kwa mipigo mipana ya brashi ambayo asingethubutu kuiacha hivyo kwenye picha kubwa ya kuuzwa. Claude Monet alikwenda kisiwa cha Belle-Île mwaka 1886 akarudi na picha karibu 40, nyingine zikiwa za miamba ile ile chini ya hali tofauti za hewa. Kwenye picha yake ya ufukwe wa Trouville ya mwaka 1870, iliyoko National Gallery mjini London, chembe za mchanga zimenasa ndani ya rangi. Picha hiyo sasa iko kwenye jumba kubwa la sanaa, na mchanga wake haujaipunguzia chochote.

Kuna pingamizi lenye uzito, na Bandura mwenyewe aliligusa: mtu aliyezoea ushindi mwepesi huvunjika moyo haraka anaposhindwa. Lakini pwani si nyepesi kiasi hicho. Mstari wa upeo ukiinama kidogo tu, bahari nzima inamwagika. Mchanga uliolowa ukipakwa mweupe kuliko mkavu, jicho linakataa papo hapo. Mawimbi yanaruhusu uhuru, upeo na mwanga haviruhusu, na mchanganyiko huo ndio unaofaa. Wengine watasema majaribio huzaa picha zinazopasuka. Ni kweli, tabaka lenye mafuta machache likiwekwa juu ya lenye mafuta mengi; dawa yake ni kuanza na rangi iliyopunguzwa kwa tapentaini na kuongeza mafuta kadiri unavyopanda. Pingamizi la tatu nalikubali: imani ya aina hii hufungamana na kazi yake, hivyo anayemudu bahari asitarajie kwamba ataziweza nyuso za watu kwa sababu hiyo.

Basi uliyeweka brashi kando, chukua turubai ndogo, nyoosha upeo kwanza, mawimbi yafuate. Ukimaliza, usirundike vitambaa vyenye mafuta ya kitani: mmenyuko ule ule unaokausha picha hutoa joto, na rundo lake linaweza kuwaka lenyewe. Vitandaze nje vikauke, au vitie kwenye chombo cha chuma chenye maji.