Safari ya Remba, na Mtu Aliyekwisha Kuliliwa Matanga

Remba ni kisiwa kidogo cha mawe katika Ziwa Nyanza, upande wa Kenya, katika Kaunti ya Homa Bay. Mtu akitoka Mbita kwa mashua hana budi kuipita Mfangano, kisha kuendelea kwenye maji mapana. Miti ni haba, shamba hapana, na nyumba za mabati zimebanana hata mwenye nyumba akikohoa jirani humwambia pole. Wakazi wake ni wavuvi na wachuuzi wa Kenya, Uganda na Tanganyika ya zamani, yaani Tanzania, na Kiswahili ndicho kinachowapatanisha sokoni.

Mwisho wa Agosti 2023 tulitoka Nairobi alfajiri, msafara wa magari matatu, kupeleka mahari ya kijana wetu mmoja kwa wakwe karibu na Mbita. Mwenye haraka hupita Kisii na Homa Bay akafika siku ile ile. Sisi tulizunguka kwa Migori, maana huko kulikuwa na mzee wa kutusemea kwa wakwe: mwalimu mstaafu wa pande za Karungu, mtu mrefu, mwenye maneno machache.

Basi tukashuka Mai Mahiu, tukalipita kanisa dogo walilolijenga mateka wa Kitaliani mwaka 1942 walipokuwa wakitengeneza barabara ile, tukavuka mashamba ya ngano ya Narok, tukapanda kwenye majani ya chai ya Bomet na migomba ya Kisii. Tulilala Migori. Asubuhi tukamchukua Mwalimu, tukaingia Nyatike.

Huko ndiko nyika yenyewe. Ardhi ni kavu na nyeusi, yenye miiba, na nyumba ziko mbalimbali. Tulipita karibu na Macalder, palipokuwa na machimbo makubwa ya shaba na dhahabu hata yakafungwa mwaka 1966. Mpaka leo watu huchimba dhahabu kwa mikono yao na kuiosha katika makarai. Mbele ya Karungu, gari la pili lilizama katika mchanga wa kijito kikavu. Mkulima mmoja alitokea na ng'ombe wanne wa jembe, akatuvuta nje kwa mnyororo. Tulipomtolea fedha alikataa, akaomba gazeti tu, la juzi likiwapo. (Nilimpa yote mawili niliyokuwa nayo, na la mwezi uliopita.) Kisha tukaifuata njia chini ya vilima vya Gwassi, ziwa likionekana na kupotea, mpaka Sindo, na jioni Mbita.

Habari za mahari sitazieleza. Wakwe walitupokea vema na ng'ombe walihesabiwa.

Kesho yake mmoja wetu, mwenye biashara ya chakula cha kuku, alitaka kwenda Remba kununua omena, dagaa wa ziwa lile. Alimwomba Mwalimu afuatane naye kwa kuwa ajua bei na lugha. Mwalimu alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba tangu mwaka 1999 hajapanda chombo. Mwaka ule mdogo wake alitoka na mashua ya watu wanne, yeye akiwa nahodha, dhoruba ikawapata usiku. Miili mitatu iliokotwa. Wa nne hakuonekana.

Hapa yafaa nieleze desturi moja kwa wasomaji wasioijua. Mjaluo akipotea majini na mwili usipatikane, watu wake hawawezi kumwacha hivi hivi bila kaburi. Hutwaa tunda la mvungunya, lile refu na zito waliitalo yago, wakalizika nyumbani kwake kama mwili wa mtu, kwa kilio na heshima zote. Mwalimu ndiye aliyelishusha tunda lile kaburini kwa mikono yake. Baadaye mjane alichukuliwa na binamu wa marehemu kwa desturi, akazaa watoto wawili. Na kwa desturi iyo hiyo, watoto wale huitwa kwa jina la marehemu, si la binamu.

Hata hivyo Mwalimu alikwenda. Tulipanda mashua ya injini, maji yakiwa shwari, naye alikaa katikati ameshika ubao kwa mikono miwili.

Mtu asiyeujua uvuvi wa omena angeshangaa, kwani tulikuta kisiwa kizima kimekaa kitako. Sababu ilikuwa mwezi. Omena huvuliwa katika usiku wa giza: wavuvi huelea na taa, zamani karabai, siku hizi taa za betri, samaki wakaufuata mwanga, wakazungushiwa wavu. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, na wavuvi hukaa pwani wakishona nyavu. Tarehe 31 Agosti mwezi ulikuwa umejaa. Ingalikuwa juma moja mbele au nyuma, wengi wangalikuwa wamelala mchana huo, milango imefungwa.

Mwenzetu alikuwa akipatana bei na mama mmoja penye omena zilizoanikwa. Mwalimu alisimama nyuma yake akimtazama mwanamume mwenye mvi aliyeketi chini ya kivuli cha bati, akishona wavu kwa mkono wa kushoto. Alimtazama muda mrefu. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, "Wewe, tumia mkono wa kulia."

Sindano ilianguka. Baadaye nilifahamu kwamba Mwalimu alimfundisha mdogo wake darasa la pili, na kila siku alimfunga mkono wa kushoto kwa kamba ili aandike kwa wa kulia.

Hawakukumbatiana. Yule mtu aliinuka, akasema, "Kaka," akaketi tena.

Waliongea mpaka jua likachwa, na mengine Mwalimu alinieleza mwenyewe. Wavuvi wa Uganda walimwokota akiwa ameshikilia dumu tupu, wakampeleka visiwa vyao. Alipopata nguvu alisikia kwamba wenzake watatu wamekufa. Yeye ndiye aliyewaambia watoke usiku ule. Angewatazamaje mama zao? Akasema atarudi mwaka ujao, na mwaka ujao akasema vivyo hivyo. Kisha akaingia deni la nyavu kwa mwenye mashua mmoja, akahama kisiwa hata kisiwa. Habari za kaburi lake alizipata kwa mchuuzi wa Karungu ambaye hakumtambua. "Niliposikia nimezikwa," alimwambia kaka yake, "niliona yamekwisha."

Mwalimu alimjibu kwamba hayakwisha kwa mama yao, aliyekufa mwaka 2011 akiwa bado anamwekea chakula. Hapo ndipo yule mtu alipolia.

Kulikuwa na shauri kubwa zaidi. Mtu mwenye kaburi nyumbani aingie kwa mlango gani? Kuna mke aliye na mume, na watoto wawili waitwao kwa jina la baba ambaye hawajapata kumwona, wala yeye hakuwazaa. Kuna binamu aliyeilinda nyumba miaka yote hiyo bila lawama. Na kuna mama watatu, ambao wawili bado wa hai. Mwalimu hakumshurutisha. Alisema kwamba atawaambia wazee kwanza.

Asubuhi tuliondoka bila yeye. Alitupakilia gunia la omena kavu, akasema lipelekwe nyumbani, asiseme kwa nani. Katika magari mazima hapana aliyeuliza.

Mwezi wa Novemba nilipata barua ya Mwalimu. Wazee wameketi mara mbili. Wamekubaliana kwamba aje, ila siku haijawekwa, kwa sababu mke amesema yeye aulizwe kwanza, naye ataka muda wa kufikiri.