Farasi wa Dola 80

Wazee walinena: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Neno hilo lafaa kwa mambo mengi ya maisha, lakini labda hakuna mahali linapowagharimu watu fedha nyingi kama katika soko la farasi. Hapa kwetu Kongo wengi hawajapata kumwona farasi ila katika picha, maana katika sehemu nyingi za nchi mbung'o huwaambukiza farasi ugonjwa, nao hufa upesi. Lakini katika nchi za Ulaya na Marekani biashara hiyo ni ya tangu zamani, tena ni biashara ngumu. Muuzaji amjua mnyama wake kwa miaka; mnunuzi amwona kwa saa moja tu. Naye katika saa hiyo yampasa kuamua kama atatoa fedha zake au atazirudisha mfukoni.

Basi, msomaji mpenzi, sikiliza kwanza kisa cha farasi mmoja. Kisha tutauliza pamoja: mnunuzi mwenye akili hutazama nini?

Lori la machinjoni

Katika mwezi wa pili wa mwaka 1956, mtu mmoja jina lake Harry de Leyer alifunga safari kwenda New Holland, mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania, nchi ya Marekani. Mji huo wajulikana kwa mnada wake wa farasi. De Leyer alikuwa mzaliwa wa Uholanzi. Alihamia Marekani pamoja na mkewe mwaka 1950, nao hawakuwa na mali. Wakati ule alikuwa mwalimu wa kupanda farasi katika shule ya wasichana huko Long Island, karibu na mji wa New York. Alitafuta farasi mtulivu wa kuwabeba wanafunzi, naye hakuwa na fedha za kuchagua apendavyo.

Siku ile alichelewa njiani. Alipofika, mnada ulikuwa umekwisha na farasi wazuri wote wamekwenda na wenyewe. Walibaki wale tu ambao hakuna mtu aliyewataka, nao walikuwa wamekwisha kupakiwa katika lori tayari kupelekwa machinjoni. De Leyer akawatazama. Kati yao alikuwamo mmoja mkubwa, mwenye rangi ya kijivu, mchafu, amekonda, na kifuani ana alama za mikanda ya kukokotea jembe. Alikuwa mnyama wa shamba aliyechoka. Lakini alisimama kimya kati ya wenzake waliohangaika, akamtazama mtu yule kwa macho matulivu. De Leyer akaomba ashushwe, wakapatana bei: dola 80.

Nyumbani watoto walipomwona, mgongo wake umefunikwa na theluji, wakamwita Snowman, maana yake Mtu wa Theluji. Akaoshwa, akapigwa brashi, akapewa viatu vya chuma na chakula cha kutosha. Baada ya miezi michache wanafunzi walimpenda, hata wale waliokuwa waoga, kwa kuwa hakumtisha mtu.

Hapo ndipo panapo jambo la ajabu katika kisa hiki. De Leyer, mtu aliyewajua farasi tangu utoto wake, akamwuza! Jirani mmoja, mganga, alitaka farasi mpole, akatoa bei maradufu. Biashara ilikuwa njema, na jamaa ya de Leyer ilihitaji fedha. Lakini haukupita muda, Snowman akaonekana tena uani kwa bwana wake wa kwanza. Alikuwa ameruka ua wa mganga. Akarudishwa, na ua ukaongezwa kimo. Akaruka tena. Wakamfungia mpira wa gurudumu la motokari kwa kamba ili asiweze kukimbia, akaja akiuburuta.

Ndipo de Leyer alipoelewa. Mnyama huyu, aliyezoea kukokota jembe, alikuwa na nguvu ya kuruka ambayo hakuna aliyeishuku. Akamchukua tena, akaanza kumfundisha. Mwanzoni mafundisho yalikuwa kama kichekesho: palipowekwa miti ya chini chini, Snowman aliikwaa kwa uvivu, miti ilipoinuliwa juu, akakusanya miguu yake na kuivuka. Mwaka 1958, miaka miwili tu baada ya siku ile ya lori, alishinda katika mashindano makubwa ya kuruka vizuizi huko Madison Square Garden, mjini New York, akatangazwa kuwa farasi wa mwaka. Mwaka 1959 akatangazwa tena. Na siku za nyumbani, bingwa huyo huyo aliwabeba watoto wa de Leyer mgongoni, hata wakaogelea naye.

Mambo matatu yasiyofanana

Kisa hiki chapendeza, lakini ole wake atakayekielewa vibaya! Si kila farasi mchafu ni Snowman. Wengi waliokonda wamekonda kwa sababu ni wagonjwa, na wengi wauzwao rahisi wana kasoro ambayo muuzaji aijua vema. Mtu asemaye, "Nitanunua kibaya ili nipate kizuri," amedanganyika sawasawa na yule anunuaye ngozi ing'aayo.

Ufunguo wa jambo ni kutenganisha mambo matatu. La kwanza ni yale yabadilikayo: uchafu, manyoya yaliyosimama, mbavu zinazoonekana kwa kukosa chakula, kwato zisizokatwa. Hayo yote brashi, majani, nafaka na mhunzi huyatengeneza. Tena yaweza kutengenezwa kwa hila ili kumpumbaza mnunuzi: mafuta hujaza mashimo mwilini na kuficha mengi. La pili ni yale yasiyobadilika: mifupa, maungo, namna miguu ilivyoungana na mwili. Hapana chakula kinachonyosha mguu uliopinda wa farasi mzima. La tatu ni yale yasiyoonekana kabisa mnyama akiwa amesimama: moyo, pumzi, tabia, na nia yake ya kufanya kazi. Hayo hujulikana katika kazi tu.

De Leyer aliposimama mbele ya lori, hakuyajali mambo ya kwanza. Aliyapima mambo ya pili, akaona mwili mpana na wenye nguvu. Katika mambo ya tatu aliona utulivu. Lakini kipaji cha kuruka hakukiona, wala hakuna mtu ambaye angekiona pale.

Namna ya kumkagua farasi

Tazama sasa jinsi wajuzi wafanyavyo kazi. Mjuzi hupenda kufika mapema, hata kabla hajatazamiwa, ili amwone farasi akiwa bado zizini, hajapandwa wala hajapigwa brashi. Farasi aliyekwisha kutembezwa huweza kuficha ukakamavu wa viungo ambao ungeonekana katika hatua zake za kwanza. Hutazama pia jinsi anavyokamatwa na kutandikwa: je, hurudisha masikio nyuma? huuma? hutetemeka?

Kisha hufungua kinywa. Meno ya mbele ya utoto hubadilika jozi kwa jozi, farasi akiwa na umri wa karibu miaka 2 na nusu, 3 na nusu, na 4 na nusu. Afikapo miaka 5 amekwisha kupata meno yote ya ukubwa. Baada ya hapo umri husomwa katika kulika kwa meno, na kadiri miaka inavyozidi ndivyo kukisia kunavyokuwa kugumu. Meno ya mbele yaliyolika ukingoni huweza kuonyesha jambo lingine: mnyama mwenye desturi mbaya ya kung'ata mbao za zizi.

Halafu huja miguu. Waingereza wana methali isemayo kwamba pasipo ukwato hapana farasi, na neno hilo ni la kweli. Mnyama mzima huweza kuwa na uzito wa kilo 500, na akikimbia kwa kasi kuna nukta ambayo uzito huo wote, na zaidi, huangukia mguu mmoja. Kwa hiyo mjuzi huinama, hupitisha mkono juu ya kila mguu toka gotini mpaka chini, akilinganisha wa kuume na wa kushoto. Mahali penye joto au uvimbe pasema kuna maumivu. Husimama mbele ya farasi, akatazama kama goti, kifundo na ukwato vimefuatana katika mstari mmoja; maana mguu uliopinda hubeba mzigo upande mmoja kuliko mwingine, na kiungo huchakaa. Hutazama bega pia: bega lililolala mshazari humpa farasi hatua ndefu, nalo hupunguza mshtuko wa ardhi.

Baada ya hayo farasi hutembezwa juu ya ardhi ngumu, kwanza polepole, kisha mbio kidogo, moja kwa moja na katika mviringo. Hapo ni heri kufumba akili kwa maneno ya muuzaji na kufumbua masikio kwa sauti ya kwato: vishindo vyapasa kulingana. Farasi mwenye maumivu katika mguu wa mbele huinua kichwa mguu ule ukanyagapo, na kukishusha ukanyagapo ulio mzima. Ishara hiyo ndogo imewaokoa wanunuzi wengi.

Mwisho hujaribiwa pumzi. Farasi hawezi kupumua kwa kinywa kama sisi, hupumua kwa pua tu. Basi sauti ya mkwaruzo apumuapo akiwa mbioni si jambo la kupuuza. Akiwa amepumzika, moyo wake hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika. Hupiga mara nyingi zaidi akifanya kazi, na farasi mwenye afya na mazoezi hurudi upesi katika utulivu wake. Baada ya haya yote mwenye busara huita mganga wa wanyama, ambaye si rafiki wa muuzaji, amkague upya. Ujira wa mganga ni mdogo kuliko hasara.

Milioni 16 na dola 1,100

Je, mwenye kufanya hayo yote hawezi kukosea? Aweza. Mwaka 2006, katika mnada wa Florida, aliletwa farasi wa umri wa miaka 2 aliyeitwa baadaye The Green Monkey. Alikuwa mzuri wa umbo, wa ukoo mashuhuri, na katika majaribio alikimbia mwendo wa mita 200 hivi kwa muda usiofika nukta 10. Matajiri wakashindana bei mpaka ikafika dola milioni 16, bei ambayo haijapata kusikiwa mnadani kwa farasi wa umri ule. Akashindana mara 3 tu, asishinde hata mara moja. Fedha zote alizopata mbioni zilikuwa dola 10,440.

Kinyume chake ni John Henry. Mwezi wa kwanza mwaka 1976 aliuzwa huko Kentucky kwa dola 1,100 tu. Wajuzi hawakuwa wapumbavu: magoti yake yalipinda kwa nyuma, kasoro ya kweli, alikuwa mdogo wa mwili, tena mkali. Akapita mikononi mwa wengi. Lakini farasi huyo alishinda mara 39, akapata zaidi ya dola milioni 6 na nusu, na kutangazwa farasi wa mwaka mara mbili, mwaka 1981 na 1984. Magoti yake hayakunyoka kamwe. Yaliyomshindia mbio ni yale ya namna ya tatu, yasiyoonekana.

Basi twasema nini? Macho ya mjuzi hupunguza hatari, lakini hayaiondoi. Ukaguzi humwambia mnunuzi kama mwili waweza kuvumilia kazi. Hauwezi kumwambia farasi atafanya kazi gani kwa moyo wake wote. Jibu hilo hutoka kwa farasi mwenyewe, baada ya siku nyingi, kwa mtu aliye tayari kulisikia. Hii ndiyo sifa kubwa ya de Leyer kuliko ile ya mnadani. Alikosea alipomwuza Snowman, lakini mnyama aliporuka ua na kurudi, hakusema, "Farasi huyu ni mkaidi, apigwe." Alijiuliza mnyama huyu aonyesha nini. Mwenye kiburi angaliongeza kimo cha ua. Yeye alibadili mawazo yake.

Snowman alipozeeka hakuuzwa tena. Alikaa kwa de Leyer mpaka alipokufa mwaka 1974. Na wewe, msomaji, ukienda sokoni kesho kununua mbuzi, au baiskeli iliyokwisha kutumika, kumbuka lori lile la New Holland. Usitazame rangi kwanza. Inama, ushike miguu.