Kipima Joto Kinachopigwa Chapa kwa Wino

Ng'ombe hasemi kwamba anaumwa. Wewe mkulima wa skimu, ambaye ng'ombe wako wa gredi ndiye anayekulipia karo ya watoto, huona asubuhi moja kwamba hataki majani na maziwa yamepungua. Lakini kama ni ndigana kali, homa ilikwisha kumwingia kabla ya siku hiyo. Ng'ombe mzima huwa na joto la nyuzi 38 hadi 39 hivi za Sentigredi; mwenye ndigana kali hupita 40. Siku zile za kwanza ndizo za kumwokoa.

Kwa ajili ya mambo kama haya, wataalamu wanatengeneza vipima joto vyembamba kama karatasi, vinavyopindika na kuvaliwa mwilini, na mtu, hata na mnyama.

Asili yake ni ya zamani. Mwaka 1833, Mwingereza Michael Faraday aliona kwamba madini fulani yenye fedha na kiberiti hupitisha umeme kwa urahisi zaidi yakipata moto. Basi ukipima umeme unavyopita, umejua joto. Huko Afrika Kusini, Margit Härting na David Britton wa Chuo Kikuu cha Cape Town walisaga silikoni ikawa unga laini mno, wakaufanya wino. Wino huo husukumwa kupitia kitambaa chenye matundu madogo, kama fundi anavyopiga chapa fulana, ukakauka juu ya karatasi au plastiki. Mistari ya wino wa fedha huleta umeme. Kisha chombo kidogo chenye betri huweza kupeleka habari ya joto hewani mpaka kwenye simu.

Usidhani kazi hii ni rahisi. Kipima joto kikipindwa, chembe za wino huachana, nacho hudanganya kwamba joto limebadilika. Unyevu nao hukiharibu. Kwa hiyo hufunikwa kwa plastiki pande zote mbili, wino ukae katikati ambako hauvutwi sana. Tena ngozi si sawa na ndani ya mwili: ng'ombe aliyesimama juani ana ngozi ya moto bila ya kuwa na homa.

Wewe usingoje chombo hicho. Nunua kipima joto cha kawaida cha mifugo. Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, kitie katika njia ya haja kubwa, kiguse ukuta wa ndani, nawe ukishike usikiachilie. Andika hesabu katika daftari. Ikipita nyuzi 39.5, tazama kama tezi za chini ya masikio zimevimba, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Wala usiache kuogesha ng'ombe wako, maana kupe wa sikio ndiye aletaye ndigana kali.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.