Usiiache betri irandarande ndani ya pedali ya gitaa

WAPIGAJI gitaa wanaojiundia pedali za kubadilisha sauti huwa wepesi wa kuhangaikia transista na kapasita, wakasahau mojawapo ya vitu vizito zaidi kisandukuni: betri ya volti 9. Baada ya siku mbili za kuunganisha nyaya kwa risasi, betri husukumwa ndani, kifuniko kikakazwa kwa skrubu nne na mambo yakaachwa papo hapo. Kosa hilo aghalabu hujitokeza jukwaani, mbele ya watu.

Chukua mfano wa Fuzz Face, pedali ya mkwaruzo iliyotolewa Uingereza na kampuni ya Arbiter mwaka 1966, na ambayo Jimi Hendrix aliipa umaarufu. Saketi yake ina vijenzi 11 pekee: transista mbili, rezista nne, kapasita tatu na vidhibiti viwili. Ndiyo maana wanaoanza ufundi huu huikimbilia. Zile zinazoundwa kwa transista za jerimani, kama zilivyokuwa za awali, huunganisha upande chanya wa umeme na kisanduku, kinyume cha pedali nyingi nyinginezo. Kwa hivyo haziwezi kutumia adapta moja na wenzake bila kuleta shoti, na betri inabakia kuwa njia rahisi zaidi.

Betri hiyo ina urefu wa takriban milimita 48, upana wa 26 na unene wa 17. Ikiwa ya alkali, uzani wake ni kama gramu 45. Huenda ukasema gramu hizo si kitu. Lakini kumbuka kwamba pedali hukanyagwa kwa kiatu usiku kucha, kisha hutupwa ndani ya gari pamoja na spika. Kila mtikiso huivuta kofia ya betri, yaani kile kipande chenye vifungo viwili, na nyaya zake nyembamba hukatika pale zilipochomelewa.

Hilo ni dogo. Kofia ikichomoka upande mmja, ncha iliyo wazi huweza kugusa alumini ya kisanduku, ambayo yenyewe ni sehemu ya njia ya umeme. Betri hupata moto na kuisha kwa muda mfupi. Vilevile, ncha kali za vijenzi chini ya bodi huweza kutoboa karatasi ya betri, zikakutanishwa na bati lililo chini yake. Fundi atatafuta kasoro kwenye transista kwa saa nzima asiione.

Tiba inaanza kabla ya keekee kutoboa tundu la kwanza. Ilaze betri ndani ya kisanduku kitupu, uitengee nafasi yake mbali na swichi ya kukanyaga, ndipo upange vidhibiti na matundu ya nyaya.

Kuna wanaotumia velkro, ule utepe wa viatu vya watoto. Hufaa, mradi alumini ipanguswe mafuta kwa spiriti kwanza. Wengine hukunja ukanda wa alumini wenye umbo la herufi U na kuukaza kwa skrubu. Huo ndio imara kuliko yote, ingawa unadai tundu jingine kwenye kisanduku. Gundi usiithubutu, kwani betri itahitaji kubadilishwa.

Binafsi napendelea sponji: kipande kinene kiasi cha kubanwa kidogo na kifuniko, na kingine kati ya betri na bodi. Hata hivyo, jihadhari na sponji nyeusi zinazofungashiwa chipu za kielektroniki. Nyingi zimetengenezwa makusudi zipitishe umeme, na ukiiweka moja juu ya bodi utakuwa umejiletea balaa uliyokuwa ukiikimbia. Ipime kwa mita kwanza. Sponji ya kawaida nayo huchakaa ikawa unga unaonata, basi ibadilishe unapoiona imeanza kumeguka.

Kifuniko kikishakazwa, kitikise kisanduku karibu na sikio. Ukisikia kitu kikigonga, fungua tena. Na pedali ikikaa kabatini kwa miezi, itoe betri kabisa, hasa zile za bei nafuu za zinki na kaboni, kwani huvuja majimaji yanayokula shaba ya bodi.