Je, Wajua? Injini Isiyo na Pistoni

Je, wajua kuwa ipo injini ya petroli isiyo na pistoni hata moja, wala valvu? Ndani yake huzunguka rota, pande la chuma lenye pembe tatu na mbavu zilizotuna kidogo. Hewa huingia na moshi hutoka kwa matundu tu, ambayo rota yenyewe huyafunika na kuyafunua inapopita.

Je, wajua kuwa Mjerumani aliyeibuni, Felix Wankel, hakuwahi kuwa na leseni ya udereva? Macho yake hayakuona mbali. Injini yake ya kwanza ilizunguka mwaka 1957, kwa ufadhili wa kampuni ya NSU.

Je, wajua kucha za shetani? Hivyo ndivyo wahandisi wa Mazda kule Hiroshima walivyoiita, walipokuwa wakiiendeleza injini hii, mikwaruzo iliyokuwa ikichimbika kwenye kuta za chumba cha rota wakati wa majaribio. Kenichi Yamamoto na kundi lake la wahandisi 47 walihangaika nayo miaka kadhaa, hadi walipotengeneza sili za pembe za rota, kwa kaboni iliyochanganywa na aluminiamu. Mei 1967 gari lao, Cosmo Sport, likaingia sokoni.

Je, wajua kuwa rota ikizunguka mara moja, shafti ya injini huzunguka mara tatu?

Je, wajua kuwa injini ya Mazda RX-7 ya miaka ya 1990 ina ujazo wa sisi (cc) 1308, karibu sawa na gari dogo la Vitz la mtaani? Lakini ikiwa na rota mbili na tabo mbili, yaani feni zinazozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa, ilitoka kiwandani Japani ikiwa na nguvu za farasi 255, na kufikia 1999 zikawa 280. Tabo ya kwanza hufanya kazi peke yake mwanzoni, ya pili hujiunga kwenye mizunguko kama 4,500 kwa dakika. Wanaotaka farasi 500 na zaidi huzing'oa zote mbili, pamoja na makumi ya mipira myembamba inayoziongoza, wakafunga tabo moja kubwa.

Je, wajua kwa nini rota na tabo hupendana hivyo? Tundu la moshi hufunguka ghafla, hakuna valvu ya kuuzuia, na moshi hutoka ukiwa bado na joto na nguvu nyingi. Tabo hulishwa vizuri mno. Gharama yake ni joto, na ndiyo maana kabla ya kuongeza presha ya tabo, fundi mzuri huanza na rejeta kubwa, vipoza oili na intakula ya kupoza hewa.

Je, wajua kuwa uhai wa injini nzima unategemea vipande sita tu? Kila pembe ya rota hizo mbili ina sili yake: urefu milimita 80, unene milimita 2. Hapo ndipo moyo wangu ulipo katika habari hii yote. Petroli ikilipuka yenyewe kabla ya wakati, hata mara moja tu chini ya presha kubwa, sili huvunjika, na kipande chake hutoka kwa tundu la moshi moja kwa moja hadi kwenye mapanga ya tabo. Umepoteza injini na tabo kwa kishindo kimoja. Kwa hiyo anayeirekebisha kompyuta ya injini huchelewesha cheche na kumwaga petroli kwa ukarimu, takriban sehemu 11 za hewa kwa moja ya petroli. Nguvu kidogo hupotea, na ningeipoteza kila siku bila kusita.

Je, wajua kuwa injini hii hula oili kwa makusudi? Sili lazima zilainishwe, kwa hiyo pampu ndogo hudondosha oili chumbani. Wengi huongeza oili ya tustroki, ile ya misumeno ya mnyororo, ndani ya tangi la petroli.

Je, wajua kuwa wakati wa kuiunganisha, mafundi hushikiza sili ndogo kwa mafuta ya mgando, yale ya kujipaka? Kisha vyumba na sahani hupangwa kama chapati na kubanwa kwa bolti ndefu. Kwenye nguvu kubwa mno chapati hizo hutaka kujipinda, ndipo pini za ziada huongezwa.

Je, wajua kuwa mwaka 1991 Mazda 787B yenye rota nne, bila tabo, ilishinda mbio za Saa 24 za Le Mans? Dereva wake Johnny Herbert alimaliza zamu yake akiwa ameishiwa maji mwilini, akashindwa kupanda jukwaani.

Je, wajua jinsi ya kuipima injini ya rota kabla ya kuinunua? Chomoa plagi, zungusha starta, tega sikio: puf, puf, puf, kwa mapigo yaliyolingana. Ukisikia puf moja, kisha kimya, sili imekwenda.