MGONJWA WA INI ASIACHWE PEKE YAKE



Yuko mwenzetu tuliyebeba naye magunia ya korosho hapa Mocímboa da Praia. Alivimba tumbo na miguu, macho yakawa manjano. Usiku mmoja akaanza kusema ovyo, hata wanawe akawasahau. Nyumbani wakasema ni majini, akapigiwa ngoma siku tatu. Alipofikishwa hospitali alikuwa amechelewa. Hayakuwa majini. Lilikuwa ini.

Ugonjwa huu waganga wa hospitali huuita sirosi. Ini hujaa makovu, huwa gumu, na hushindwa kusafisha damu. Huletwa na pombe nyingi, uraka na nipa zikiwemo. Lakini huletwa pia na homa ya ini ya aina ya B na C. Kwa hiyo tusimcheke mgonjwa kwamba ni mlevi. Wako walioupata bila kuonja pombe maishani.

Tangu vita ianze mwaka 2017, zahanati nyingi za mkoa wetu wa Cabo Delgado zimevunjwa, na mzigo wa kuuguza umewaangukia watu wa nyumbani. Basi tujue haya:

1. Pombe aache kabisa, hata kikombe kimoja.

2. Chumvi ipunguzwe. Ng'onda na papa mkavu huongeza maji tumboni. Apikiwe samaki wa siku ile, kunde na mayai. Ale kidogo kidogo mara nyingi, na kidogo kabla ya kulala. Msimnyime chakula cha kujenga mwili.

3. Asimeze dawa za maumivu za dukani bila kuuliza hospitali.

4. Tumbo lipimwe kwa uzi kila asubuhi. Kama uzi haufiki tena, hospitali ielezwe.

5. Asikae siku nyingi bila choo, maana sumu hupanda kichwani.

Akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, akishikwa na homa na maumivu ya tumbo, au akili ikivurugika, apelekwe hospitali saa ile ile, hata usiku.

Wembe wake asitumie mtu mwingine. Watoto wachanga wasikose chanjo, kwani kinga ya homa ya ini ya B imo ndani yake.

Na sisi kazini tupokezane zamu, ili mwenye mgonjwa apate nafasi ya kumwuguza. Umoja wetu si wa kudai mshahara peke yake. Ni wa kubebana pia.